Ndoo ya Haidroponiki: Washa Tochi Kabla ya Kulipa

Wiki ya tatu baada ya kupanda saladi katika seti ya haidroponiki (kupanda ndani ya maji yenye mbolea, bila udongo) niliyouziwa mtandaoni, nilifunua kifuniko nikakuta maji yamekuwa kama supu ya mchicha. Mizizi iliyokuwa myeupe imevaa ukoga wa kijani, ukiishika inateleza kama bamia. Vyombo vilikuwa vyeupe, vya kupendeza, na muuzaji alinieleza kwa kirefu habari za pampu. Habari za mwanga hakuzigusa.

Basi ukubwa na urembo tuviache, tuseme mwanga. Maji yenye mbolea yakipigwa na mwanga huota ukoga. Ukoga hula chakula cha mmea, na ukifa huoza na kumaliza hewa majini. Hapa Mombasa ni balaa zaidi, kwani maji yakipata joto hushika hewa kidogo. Kwa hiyo ukiwa dukani, washa tochi ya simu, itie ndani ya ndoo, funga kifuniko, kisha uisogeze kwenye kiza. Ukiona ubavu unang'aa, rudisha.

Namba moja kwangu ni ndoo nyeusi ya lita 20 yenye kifuniko, kwa njia ya Bernard Kratky wa Chuo Kikuu cha Hawaii. Haitaki pampu wala stima: maji yakipungua, mizizi ya juu hubaki hewani ikipumua. Weusi huvuta joto, kwa hiyo nje ipake rangi nyeupe au ivishe gunia, na uiweke barazani.

Namba mbili ni bomba la kijivu la inchi 4. Mwanga haupiti kirahisi, lakini maji humo husukumwa na pampu, kwa hiyo stima ikipotea adhuhuri mizizi hukauka upesi.

Namba tatu ni ndoo nyeupe iliyokuwa na rangi ya kupaka ukuta, ioshwe sana, kisha ipakwe nyeusi na juu yake nyeupe. Chupa za soda, hapana.

Kwa mbolea mimi ni mtu wa kampuni ya Yara, sifichi. YaraLiva Calcinit ina naitrojeni asilimia 15.5 pamoja na kalsiamu, nayo huyeyuka bila kuacha mchanga. Virutubisho vingine naviachia Kristalon, mbolea yao nyingine. Kila moja iyeyushe peke yake kwanza. Ukizichanganya zikiwa nzito, utaona chenga nyeupe zikishuka chini, na hicho ni chakula kilichopotea.

Kinachoniudhi ni agroveti wanaoipima Calcinit katika vijifuko visivyo na maandishi. Mbolea hii hunywa unyevu wa hewani. Yangu iligeuka uji kabla ya wiki kwisha. Na wale wa mtandaoni wenye mbolea ya maji ya chupa A na chupa B, bei kama ya manukato, bila orodha ya kilichomo! Nilimwomba mmoja orodha hiyo mara tatu, akaniletea picha za saladi. Mboga hizi wanakula wanangu. Sikununua kwake tena.