Tahadhari: Cheti cha Ukandarasi Unachoonyeshwa Hakitoshi, Hakiki Kwa Aliyekitoa Kabla Hujalipa

Ndugu wasomaji, hasa mnaojiandaa kujenga na mnaojengewa mkiwa mbali,

Natoa tahadhari hii kwa sababu katika mtaa wetu, pembezoni mwa Dar es Salaam, mwalimu mstaafu ametapeliwa sehemu kubwa ya kiinua mgongo chake na mtu aliyejitambulisha kuwa mkurugenzi wa kampuni ya ukandarasi, na kwa sababu njia iliyotumika inaweza kumnasa hata mtu makini. Mama huyu si wa kudanganywa kwa maneno matupu. Aliomba nyaraka, akaletewa, akazisoma, akatoa nakala na kuzipanga kwenye faili kwa utaratibu ule ule aliotunzia kumbukumbu za shule kwa miaka mingi. Jambo moja tu halikufanyika: hakuna aliyekwenda kuuliza kwa waliozitoa nyaraka hizo. Jina la mhusika na la kampuni sitayataja, kwa kuwa shauri liko polisi na lina wenye kulishughulikia, lakini mbinu zake nitazieleza bila kuficha kitu.

Faili lile nimelisoma kwa ruhusa ya mwenyewe. Ndani yake kulikuwa na cheti cha usajili wa kampuni kutoka BRELA, yaani wakala wa Serikali wa usajili wa biashara, cheti cha namba ya mlipakodi kutoka TRA, yaani Mamlaka ya Mapato, leseni ya biashara ya halmashauri, nakala ya rangi ya cheti cha Bodi ya Usajili wa Makandarasi, yaani CRB, na kadi ya biashara iliyoandikwa neno “Mhandisi” mbele ya jina la mkurugenzi. Ukiziona zote kwa pamoja zinatisha kwa wingi na mihuri, na hapo ndipo wengi wetu tunapokomea. Tatizo ni kwamba tatu za kwanza, hata zikiwa halali kabisa, hazimruhusu mtu kujenga nyumba ya mwingine kama mkandarasi. Cheti cha BRELA kinasema kampuni ipo kisheria, na mtu yeyote anayetimiza masharti anaweza kusajili kampuni na kuandika ujenzi miongoni mwa shughuli zake. Namba ya mlipakodi inasema TRA inamtambua. Leseni ya biashara iliyokuwa kwenye faili ilikuwa ya kuuza vifaa vya ujenzi, yaani duka la nondo na saruji, na ilikuwa imeandikwa hivyo wazi wazi kwenye mstari ambao hakuna aliyeusoma.

Kilichobaki kilikuwa kile cheti cha CRB. Nilipokiweka karibu na mwanga wa dirisha niliona kwamba herufi za mstari wenye jina la kampuni zilikuwa nene kidogo kuliko herufi za mistari mingine, na karatasi chini ya jina hilo ilikuwa na kivuli cheupe cha umbo la mstatili, kama inavyotokea mtu anapobandika kipande cha karatasi juu ya maandishi kisha akatoa kopi. Sehemu ya aina ya ukandarasi iliachwa kama ilivyokuwa, na ilisomeka kazi maalumu za uchimbaji wa visima. Tulipoitafuta namba ile ya usajili kwenye rejista ya bodi, ilitokea kampuni nyingine, ya mkoa mwingine, isiyohusika hata kidogo na nyumba ya mwalimu. Uhakiki huo ulichukua muda mfupi kuliko foleni ya benki aliyosimama mama huyu siku alipokwenda kutoa malipo ya kwanza.

Kwa Tanzania Bara, CRB ilianzishwa kwa Sheria ya Usajili wa Makandarasi ya mwaka 1997, na sheria hiyo inakataza mtu au kampuni kufanya biashara ya ukandarasi bila kusajiliwa na bodi. Usajili wenyewe hautolewi kwa jumla. Kuna makandarasi wa majengo, wa kazi za kiraia kama barabara na madaraja, wa mitambo, wa umeme na wa kazi maalumu, na kila aina ina madaraja yake. Makandarasi wa majengo wamegawanywa kuanzia daraja la kwanza hadi la saba, ambapo kila daraja lina ukomo wa thamani ya mradi mmoja linaoruhusiwa kuuchukua, isipokuwa la kwanza lisilo na ukomo. Kwa hiyo swali la kuuliza halimaliziki kwa “umesajiliwa?” Uliza amesajiliwa kwa kazi gani, katika daraja gani, na kama nyumba yako inaingia katika ukomo wa daraja hilo. Mchimba visima aliyesajiliwa kihalali bado hana usajili wa kukujengea ghorofa.

Jambo jingine ambalo matapeli wanalitegemea ni kwamba cheti cha usajili huonekana kizima hata baada ya usajili wenyewe kufa. Mkandarasi anatakiwa kulipa ada ya bodi kila mwaka, na bodi imekuwa ikiwafuta katika rejista wasiolipa na wanaokiuka masharti. Aliyefutwa hubaki na karatasi yake ukutani. Ndiyo maana nasisitiza kwamba usiihakiki karatasi kwa kuikodolea macho. Chukua namba na jina, kisha uvitafute kwenye rejista katika tovuti ya CRB, au uende au upige simu katika ofisi za bodi. Zipo ofisi za kanda katika miji kama Dar es Salaam, Arusha, Mwanza, Mbeya na Dodoma, na kuuliza kama kampuni fulani imesajiliwa ni haki ya mwananchi yeyote.

Ukishaikuta kampuni kwenye rejista, bado kuna hatua moja, na kwa maoni yangu ndiyo muhimu kuliko zote kwa sababu ndiyo inayorukwa zaidi. Unatakiwa kujua kama mtu aliyesimama mbele yako ni wa kampuni hiyo. Wapo wanaoazima au kukodi cheti cha kampuni halali, wanachukua kazi kwa jina lake, na mambo yakiharibika wenye kampuni wanasema hawamjui. Usipige namba ya simu iliyo kwenye kadi aliyokupa, maana simu hiyo itapokelewa na mwenzake. Tafuta mawasiliano ya kampuni kutoka bodini, piga huko, taja jina la mtu huyo na mahali kiwanja chako kilipo, na uulize kama wanautambua mradi huo. Uliza pia mkurugenzi wa ufundi ni nani, kwa sababu kampuni ya ukandarasi inatakiwa kuwa na mtu mwenye sifa za kitaalamu anayebeba jukumu hilo, na uombe aje kiwanjani kabla ya mkataba kusainiwa. Mkandarasi wa kweli hatakasirishwa na ombi hilo. Yule wa mtaani kwetu alikasirika, akamwambia mwalimu kwamba kumshuku ni kumvunjia heshima, kisha papo hapo akamhimiza alipe kianzio kabla ya mwisho wa wiki kwa kuwa bei ya saruji ilikuwa inapanda. Hasira na haraka vikija pamoja, tafadhali funga pochi.

Kuhusu neno “Mhandisi” kwenye kadi: wahandisi husajiliwa na bodi nyingine, yaani Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ERB, na rejista yake nayo iko wazi. Angalia amesajiliwa katika kundi gani. Mhandisi mhitimu ni kijana aliyemaliza chuo na bado anafanya kazi chini ya usimamizi. Si sawa na mhandisi mtaalamu anayeweza kusimama peke yake na kugonga muhuri kwenye michoro ya nguzo na mihimili. Wabunifu majengo na wakadiriaji majenzi wana bodi yao, AQRB. Fundi umeme naye anatakiwa kuwa na leseni ya ufungaji umeme kutoka EWURA, yaani mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji, na leseni hizo zina madaraja.

Kibali cha ujenzi ni mlango mwingine wa wizi. Tapeli wetu alisema atakishughulikia mwenyewe kwa kuwa ana mtu wake halmashauri, akapokea fedha taslimu kwa ajili hiyo, na hakuna maombi yoyote yaliyowahi kufika kwenye ofisi husika. Ada za Serikali hulipwa kwa kumbukumbu namba ya malipo inayotolewa na taasisi yenyewe, na unaweza kulipa mwenyewe kwa simu au benki. Anayetaka umkabidhi ada ya kibali mkononi hana nia njema, hata kama anakutajia majina ya maofisa unaowafahamu.

Malipo ya kazi nayo yaende kwenye akaunti ya benki yenye jina la kampuni ile ile uliyoikuta kwenye rejista. Mama yetu alielekezwa kutuma kwenye namba ya simu, na jina lililotokea kwenye ujumbe wa uthibitisho lilikuwa la mtu wa tatu aliyeelezwa kuwa mhasibu. Dai risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kielektroniki ya kodi, kwa kila malipo na usome jina lililochapwa juu yake. Mkataba uandikwe, uonyeshe kazi imegawanywa katika hatua, na fedha ya hatua inayofuata itoke baada ya hatua iliyotangulia kukaguliwa na mtu asiye wa upande wa mkandarasi. Ukilipa nusu ya gharama zote kabla msingi haujaonekana, nguvu yote ya kudai umeshaikabidhi.

Tapeli huyo alimpeleka pia mwalimu kuona nyumba nzuri aliyodai kuijenga, na mlinzi akawafungulia geti kwa bashasha. Mwenye nyumba hawakumwona. Ukipelekwa kuona kazi, zungumza na mwenye nyumba peke yenu, mwulize kama kazi ilikwisha kwa bei na muda waliokubaliana. Kwenu mlio Muscat, London au Houston, picha za WhatsApp si ushahidi wa ujenzi kwenye kiwanja chenu. Mwombeni ndugu asiye na maslahi, au mtaalamu mtakayemlipa wenyewe, akapige video akianzia barabarani, apite kwa jirani mnayemfahamu, ndipo aingie kiwanjani.

Udanganyifu ule uligundulika kwa sababu ya kijana msuka nondo aliyeletwa kama kibarua. Ramani ilitaka nondo za milimita 12 kwenye nguzo. Zilizoletwa zilikuwa za milimita 10, na ringi, yaani vyuma vinavyozungushwa kuzifunga nondo, zilikuwa zimeachana kiasi kwamba ngumi yake na mkono wake wote vilipita katikati. Matofali yalikuwa yamefyatuliwa kwa kunyoosha saruji mno. Tofali moja alilishika kwa kidole gumba tu, likamomonyoka pembeni na kuacha mchanga mkavu kiganjani. Kijana huyo hana cheti chochote, lakini alimfuata mwalimu jioni na kumwambia ukweli. Nasema hili makusudi, kwa sababu sitaki tahadhari yangu igeuzwe kuwa lawama kwa mafundi wa mitaani, ambao ndio waliojenga nyumba nyingi tunazolala. Fundi anayesema “mimi ni fundi” na akafanya kazi ya fundi chini ya usimamizi wa mtaalamu ni mtu wa kuheshimiwa. Ninayewaonya dhidi yake ni yule anayejivika usajili asio nao ili akabidhiwe fedha na dhamana ya jengo zima.

Dhamana hiyo ni ya uhai. Tarehe 29 Machi 2013, siku ya Ijumaa Kuu, jengo la ghorofa lililokuwa linajengwa katika Mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, liliporomoka na watu 36 wakapoteza maisha. Tarehe 16 Novemba 2024 ghorofa jingine likaanguka Kariakoo na kuua watu zaidi ya 20. Mikasa hiyo ina historia zake na wahusika wake, na sidai kwamba ilitokana na vyeti vya kughushi. Ninachosema ni kwamba zege dhaifu na nondo pungufu havionekani baada ya plasta kupigwa, na mwenye nyumba hana macho mengine isipokuwa ya mtaalamu anayewajibika kwa jina lake mbele ya bodi.

Kama umeshalipa na sasa una wasiwasi, acha kutuma fedha nyingine, hata ukiambiwa kwamba kazi itaharibika kwa kusimama. Kusanya mkataba, risiti, ujumbe wa malipo na mazungumzo yote ya simu, na usifute chochote. Piga picha za kazi ilipofikia, ukiweka futi ya kupimia kando ya nondo na ringi ili vipimo vionekane. Toa taarifa polisi upewe RB, yaani namba ya kumbukumbu ya taarifa yako, kwa kuwa kujipatia fedha kwa udanganyifu na kughushi nyaraka ni makosa ya jinai, na upeleke nakala CRB, kwa sababu kampuni ambayo namba yake imeibwa nayo inastahili kujua. Zungumza na wakili mapema kuhusu madai ya kurejeshewa fedha. Kabla ya kumleta mkandarasi mwingine aendelee pale mwenzake alipoishia, mlete mhandisi aliyesajiliwa apime msingi na nguzo zilizokwishamwagwa, akuandikie kipi kinafaa kubaki na kipi kivunjwe. Kwa mwalimu wetu, nguzo zote za mbele zimeamuliwa zivunjwe, na kampuni iliyokuja kuomba kazi ya kuzijenga upya tumeshaiomba namba yake ya usajili. Kesho asubuhi tunakwenda nayo bodini.