Mzee wa giaboksi wa Maweni, Malindi: nyota nne

Nampa nyota nne kati ya tano. Ile ya tano ameikosa kwa sababu hapokei simu, na benchi la wateja lina mguu mbovu ambao hakuna anayejisumbua kuutengeneza. Kazi yenyewe sina neno nayo.

Gereji haina jina wala kibao. Iko Maweni, kwenye kiwanja chenye ua wa mabati na mwarubaini katikati. Uliza "kwa mzee wa giaboksi" na mtu wa bodaboda atakufikisha. Anafanya giaboksi, klachi na difu, basi. Ukimpelekea kazi ya rangi au ya breki anakuelekeza kwa jirani, na jirani naye humletea za gia.

Gari langu ni Probox ya oto, zile za gia nne, kabla Toyota hawajaitia CVT, giaboksi ya oto inayotumia mkanda badala ya gia, mwaka 2014. Nabebea samaki na barafu kutoka Ngomeni, na anayeendesha ni mpwa wangu. Pampu ya petroli ilimfia Gongoni, barafu inayeyuka, akabembeleza lori la chumvi likamvuta kwa kamba mpaka mjini. Gia iko N, yaani huru, injini imezimwa, magurudumu ya mbele yanazunguka njia nzima. Tulipofunga pampu mpya, gari likawa na tabia ya ajabu: ukitia D, ya kwenda mbele, linakaa kwanza kama halijakusikia, halafu linashika kwa teke.

Gereji ya kwanza niliyoiendea, mjini hapa hapa, ilinipa hukumu kabla ya kufungua boneti. Giaboksi imekwisha, leta pesa tuagize nyingine Mombasa. Nikauliza imekwishaje, nikaambiwa, "Mama, hizi ndivyo zilivyo." Nikachukua ufunguo wangu.

Mzee wa Maweni alianza na maswali. Nabeba uzito gani? Linapita mchangani? Limewahi kuingia maji? Lilivutwa kutoka wapi, na mbele ililala chini au iliinuliwa? Aliposikia Gongoni alimtazama kijana wangu, asiseme kitu. Kisha akapanda gari, tukaenda naye Barabara ya Lamu hadi injini na giaboksi zikapata moto sawasawa, akipita kwenye matuta taratibu na redio imezimwa.

Tukarudi gereji. Akaliweka gari pahali tambarare, injini inanguruma, mguu kwenye breki, akaupitisha mkono wa gia kila kituo kutoka P hadi L na kurudi P. Akachomoa kijiti cha kupimia, akakifuta, akakitia, akakichomoa tena. Oili ilipaswa kufika kwenye alama ya moto. Ilikuwa chini yake mbali. Rangi ishaanza kuwa ya kahawia, lakini haikunuka kuungua. Akanipa ninuse mwenyewe. Nimeuza samaki miaka, pua yangu naiamini, na kweli haikuwa na harufu ya kuungua.

Akaingia chini na tochi. Pale shafti ya gurudumu la kushoto inapoingia kwenye giaboksi palikuwa pamelowa, vumbi limegandamana na oili. Oili sili, ile pete ya mpira inayozuia oili isivuje, imekatika. Kumbe kuchelewa kushika kulitoka hapo: oili haitoshi, presha inachelewa kujaa, na ikija inakuja kwa kishindo.

Bado palikuwa na suala la kule kuvutwa. Alifungua sampu ya giaboksi, ile sinia ya oili ya chini, akaitoa ile sumaku iliyo ndani, akaipangusa kwa kitambaa cheupe na kukisugua mbele yangu kwa kidole gumba. Uliotoka ulikuwa unga wa kijivu, laini kama wanja. "Huu ni ulaji wa kawaida," akasema. "Ningepata vipande vya chuma, au vipande vyeusi vya pleti, zile sahani za ndani zinazoshikanisha gia, ningekwambia habari nyingine."

Hapo ndipo alipomgeukia mpwa wangu.

"Mwanangu, pampu ya oili ya giaboksi inazungushwa na nini?"

"Na injini."

"Na injini ilikuwa imezimwa."

"Ndiyo, mzee."

"Basi gia zilizunguka kavu toka Gongoni. Gari la oto linalovuta kwa mbele huinuliwa mbele, au hupakiwa juu ya lori. Safari hii mmeponea."

Kijana alipata darasa lililobaki bure, na mimi nilikuwa nasikiliza kwa faida yangu. Kukwama mchangani kule Ngomeni: asicheze D na R huku amekanyaga mafuta, kwa maana pleti za ndani zinateleza, zinapata moto na kuungua; apunguze upepo wa matairi, achimbe, aweke mbao. Kurudi nyuma: gari lisimame kabisa ndipo atie R. Kuegesha penye mteremko: handbreki kwanza, gari lilale juu yake, ndipo P, kwa sababu P ni kijino kimoja tu cha chuma na ukikitanguliza kinabeba gari zima pamoja na barafu. Na ule mchezo wa kutia N akiteremkia daraja la Sabaki ati anaokoa mafuta, auache. Ukishuka na gia, mguu haujagusa mafuta, injini ya kisasa hukata petroli. Ukitia N lazima iendelee kunywa ili isizime.

Oili nilienda kununua mwenyewe, na alinipa sharti: nisome kwenye kijiti. Kwangu pameandikwa T-IV, aina ya ATF, yaani oili ya giaboksi za oto. Muuza spea alitaka kunipa kopo jingine akisema "ATF ni ATF, zote nyekundu." Wekundu ni rangi tu. Wenye CVT ndio waogope zaidi, kwa sababu mle ndani kuna mkanda wa chuma uliobanwa kati ya puli mbili, na oili isiyo yake inauachia uteleze hadi ukwaruze puli. Zilitoka lita tatu hivi, tukarudisha kiasi kile pamoja na kilichokuwa kimepungua, kisha akapima tena kwa moto. Nyingine hubaki ndani ya tokonveta, kile chombo kinachounganisha injini na giaboksi kwa oili, kwa hiyo ameniambia nirudi nibadilishe tena baada ya muda mfupi ili ile ya zamani ipungue. Kusukuma oili yote kwa mashine anakataa kwa magari yaliyotembea sana. Kwa kazi kama yangu, ya mzigo na mchanga, anataka oili ibadilishwe kila kilomita 40,000.

Nikisubiri, aliingia dereva wa matatu ya Mombasa, Hiace ya gia za mkono, analia kwamba klachi haidumu. Mzee hata hakuinuka.

"Mguu wako wa kushoto unakaa wapi ukiwa mwendoni?"

"Si kwa klachi tu, niwe tayari."

"Basi unaisaga toka Malindi hadi Mtwapa."

Pia alimkuta ametiwa oili ya difu, ya daraja la GL-5, kwenye giaboksi inayotaka daraja la GL-4. Kuna oili za difu ambazo dawa yake hula zile pete za shaba zinazosaidia gia kuingia, halafu mtu anasema gia zimekuwa ngumu.

Sasa lawama. Ni mzito. Aliniambia jioni, nikalipata gari kesho yake adhuhuri. Ijumaa akienda kuswali usimtarajie mapema. Risiti ni karatasi ya daftari. CVT anabadilisha oili tu. Ikiwa imeharibika ndani anakwambia wazi uende Mombasa, na ukimsihi ajaribu anakasirika. Ufundi alinitoza shilingi 2,000, sili na oili juu yangu, na sili ya zamani alinikabidhi mkononi nione ilipokatika.

D sasa inashika papo hapo, na pale chini pamekauka. Ukienda, nenda asubuhi kabla ya saa tatu, gari likiwa bado na moto wa safari, na uwe umeshasoma kijiti chako.