Jumamosi tatu kwenye gokati: uzoefu wangu Mwanza

Gari naendesha mwaka wa tisa huu, Nyegezi hadi mjini na kurudi, jua na mvua. Mtoto wa kaka yangu, ana miaka 14, aliponiomba nimpeleke kwenye darasa la wanaoanza la gokati, vile vigari vidogo vya mashindano visivyo na bodi, nikalipia nafasi mbili: yake na yangu. Shilingi 120,000 kwa sisi wawili, vipindi vitatu vya Jumamosi asubuhi. Tumemaliza, na naandika kwa ajili ya mtu wa hapa Mwanza anayejiuliza kama hela hiyo inakwenda mahali pake. Inakwenda. Ila yapo mawili yaliyonikera, na moja ni la hatari.

Uwanja si wa kudumu. Ni eneo la lami la kuegeshea malori, njia ya kwenda Igoma, ambalo siku ya darasa hupangwa matairi chakavu yaliyopakwa rangi nyeupe. Kona saba. Vigari vitano, wanafunzi kumi na wawili, kwa hiyo kusubiri kupo: unaendesha dakika kumi, unashuka, unangoja zamu yako irudi. Dakika kumi kwa anayeanza ni nyingi. Usukani hauna pawa, na mabega yangu yaliuma mpaka Jumatatu.

Saa nzima ya kwanza hakuna aliyeendesha. Wapo walionung'unika. Mimi naona saa ile ndiyo iliyobeba darasa zima. Mwalimu, mtu wa makamo mwenye mikono ya fundi, alikiweka kigari juu ya stendi, akazungusha tairi la nyuma la kulia kwa kiganja. La kushoto nalo likazunguka, sawasawa, kwenda na kurudi.

"Hapa hakuna difu, ile inayoruhusu matairi mawili yazunguke kwa kasi tofauti," akasema. "Haya mawili yamekamatwa na ekseli moja. Kwenye kona, tairi la nje lina safari ndefu kuliko la ndani. Sasa hiyo tofauti itakwenda wapi?"

Tukanyamaza. Akakishusha chini, akamkalisha mtoto wetu kwenye kiti na kumwambia akate usukani wote, sisi tuchuchumae tutazame nyuma. Ukikata usukani wa gokati, tairi la mbele la upande wa ndani linajisukuma chini. Lami haibonyei, basi fremu ndiyo inayopinda, na tairi la nyuma la ndani linapungukiwa uzito. Kwenye vile vya mashindano hasa linanyanyuka kabisa. Springi hakuna, shokapu hakuna. Mabomba ya fremu ndiyo yanayofanya kazi hiyo. Ukiingia kona hovyo, matairi ya nyuma yanavutana, mwendo unakufa na injini inakoroma. Tangu hapo kila nilipousikia mkoromo ule nilijua kosa nimelifanya wapi.

Injini iko ubavuni mwa kiti. Ni Honda GX200, silinda moja, sentimita za ujazo 196, jamii ileile ya injini zinazovuta maji ya ziwa kwenda kwenye bustani za mboga. Inawashwa kwa kuvuta kamba. Klachi yake haina kanyagio: injini ikizunguka taratibu kigari kimetulia, ukiongeza mafuta klachi inatanuka, inashika, na cheni inavuta ekseli. Mtu wa bodaboda ataelewa akitazama mara moja.

Kazi iko miguuni. Mguu wa kulia ni mafuta, wa kushoto ni breki, na huruhusiwi kukanyaga vyote pamoja. Sisi wa gari za automatiki tumezoea mguu mmoja kwa yote mawili. Halafu breki ya vigari hivi iko kwenye ekseli ya nyuma peke yake. Mzunguko wangu wa tatu nilichelewa, nikashika breki usukani ukiwa tayari umekatwa kwenye kona ya nne. Nyuma ikaachia. Nikazunguka nikawa natazama nilikotoka, moyo unadunda, na bendera ya njano ikapanda ili walio nyuma yangu wapunguze mwendo.

Mwalimu akaja, akachuchumaa pembeni yangu. "Pole, dada. Breki umeishika wapi?" Nikamwonyesha. Akavua ndala yake moja ya bluu, akaiweka kando ya njia, hatua kama kumi kabla ya kona. "Mguu wa kushoto unaanzia kwenye ndala. Ukifika lile tairi jeupe, uwe umeshaachia. Breki inaisha usukani ukiwa bado umenyooka. Na macho yako yasikae kwenye tairi, yapeleke mahali unapotaka kutokea."

Nilirudia kona ile moja asubuhi nzima. Unaijia ukitokea ukingo wa nje, unagusa ndani, unakiacha kigari kitoke chenyewe hadi ukingo wa nje tena, na kona iliyokuwa kali inalainika kwa sababu umeipanua. Siku ilipokaa sawa niliisikia injini ikipanda bila kukoroma, kuanzia ndani ya kona mpaka kwenye mnyoosho. Raha yake sijui niifananishe na nini.

Sasa malalamiko. Helmeti nyingi ni za watu wazima. Ya mtoto wetu ilizunguka kichwani alipotikisa shingo, na helmeti inayozunguka haikulindi. Nikasema, na Jumamosi ya pili wakaleta ndogo iliyomkaa. Hilo walilirekebisha haraka, nawashukuru. La pili ndilo zito: kigari namba nne hakikuwa na kava la cheni. Ekseli na cheni vinazunguka nyuma yako sentimita chache tu kutoka mgongoni. Mtandio, kitenge, rasta ndefu, chochote kinachoning'inia kikinaswa pale kinakuvuta wewe mwenyewe, na watu wamekufa kwa ajali za namna hiyo sehemu mbalimbali duniani. Msaidizi wa kike alizikagua nywele zangu kila kipindi, akahakikisha rasta zote zimeingia ndani ya shati kabla sijakaa. Alifanya vizuri sana. Lakini ukaguzi wa nywele haukai mahali pa kava.

Jumamosi ya tatu wingu jeusi lilitoka upande wa ziwa, na kabla ya saa nne mvua ikashuka. Wakasimamisha kila kitu, kwa sababu matairi yale hayana mifereji ya kutolea maji. Tukajibanza kwenye kibanda, chai ya tangawizi ikaja, na mwalimu akatusimulia gokati ya kwanza: mwaka 1956, huko California, Art Ingels, fundi wa magari ya mashindano, aliiunda kwa mabomba na injini ya mashine ya kukatia nyasi. Mtoto akauliza kama miaka 14 si umri wa kuchelewa, maana Lewis Hamilton, yule dereva wa mashindano ya Formula 1, alianza gokati akiwa na miaka minane. "Wewe kwanza niambie breki unaanza wapi," mwalimu akamjibu. "Kwenye ndala!" Kibanda kizima kikacheka naye. Kipindi kilichoharibiwa na mvua tulipewa siku nyingine bila kuongeza hata shilingi.

Ukienda, vaa suruali na viatu vya kufunga kamba vyenye soli nyembamba, ili mguu uisikie kanyagio. Beba glavu zako na kitambaa chepesi cha kuvaa ndani ya helmeti. Nenda mapema, kabla lami haijapata moto.

Sisi tumelipia vipindi vingine vitatu. Nilipokuwa nalipa niliwaambia mbele ya wote: namba nne hatuipandi, mimi wala mtoto, mpaka kava lirudi.