Mamiya RB67 Mlimani: Inastahili Kubebwa?

Habari zenu watazamaji wangu, karibuni tena. Mnaiona hii hapa mezani? Kuna aliyewahi kuniuliza kama ni kamera au betri ya gari. Ni kamera ya filamu, Mamiya RB67 Pro-S, na hapa iko na kisanduku chake cha filamu na lenzi ya milimita 90. Jumla inafika kilo 2.7 hivi. Bado sijaweka kipima mwanga, filamu za akiba, tripodi, wala maji, na lita moja ya maji ni kilo nzima.

Nimepanda nayo milima misimu miwili sasa, kwa hiyo leo sizungumzii ukali wa lenzi. Huo mnaujua. Leo ni mgongo wangu tu.

Siku ya kwanza niliivaa shingoni. Msicheke. Nusu saa tu, kila hatua inanigonga tumboni, na nikiinama kushika jiwe inanitangulia yenyewe. Nikanunua begi la kamera, kampuni siitaji. Ndani lilikuwa safi kweli, sponji za kugawanya vyumba, vifuko kila upande. Lakini mkanda wake wa kiunoni ulikuwa utepe mwembamba, wa kufungia zawadi. Uzito wote ukaning'inia mabegani. Kesho yake kuinua mkono nichane nywele ilikuwa kazi.

Sasa natumia hili. Ni begi la kawaida la wapanda milima, lenye fremu na mkanda mnene wa kiunoni, na kamera inakaa ndani yake kwenye mfuko wake wenye sponji. Tazameni ninavyolivaa. Kwanza nakaza mkanda wa kiunoni, ukae juu ya mifupa ya nyonga, siyo tumboni. Hapo ndipo navuta mikanda ya mabega, na navuta kidogo tu. Mzigo unabebwa na nyonga na miguu, mabega yanausawazisha tu. Ndani, nguo zinakwenda chini, kamera inakaa juu yake, usawa wa katikati ya mgongo, imegusa mgongo kabisa. Ukiiweka huko nje mbali na mwili inakuvuta nyuma, na wewe unajibu kwa kuinama mbele, mwendo mzima uko kama mtu anayetafuta sindano iliyodondoka.

Lawama yangu kwa mpango huu ni moja: kamera haitoki haraka. Unasimama, unavua begi, unafungua. Ukungu umeshapita. Ila tuwe wakweli, RB67 yenyewe haina haraka. Unakoki shata, yaani pazia la kuruhusu mwanga, kwa wenzo mmoja, unasogeza filamu kwa mwingine, unachomoa bamba la kuzuia mwanga, na ukitazama kwa juu kwenye kioo, kushoto kwako ni kulia. Anayetaka kumpiga picha ndege anayeruka amekosea mlango.

Sasa kuna jambo lililonifanya nisiiuze, nalo ni hiki kisanduku cha nyuma. Kinazunguka! Nikitaka picha ya wima, nazungusha kisanduku, kamera yenyewe haisogei. Kwenye kamera nyingine ungeilaza ubavuni, na kilo karibu tatu zilizolalia upande mmoja zinadai kichwa cha tripodi chenye nguvu, na hicho nacho ni kizito. Hapa uzito unabaki juu ya nguzo ya katikati. Kwa hiyo nimebadilisha tripodi, nikachukua nyepesi zaidi, na kukiwa na upepo naning'iniza begi chini yake. Kamera ikanirudishia sehemu ya uzito wake huko. Na haina betri hata moja, kila kitu ni chuma na springi, kwa hiyo baridi ya alfajiri siiogopi.

Kama magoti yako hayataki mzaha, kuna Mamiya 7: inatumia filamu hiyohiyo pana iitwayo 120, inatoa picha za 6×7 vilevile, yaani kama sentimita sita kwa saba kwenye filamu, na ukiweka lenzi ya milimita 80 ni kama kilo 1.2. Nusu, hata pungufu! Ila haikaribii vitu. Ua dogo kando ya njia utalipita, wakati RB67 ina mvukuto wa mbele, mkunjo unaosogeza lenzi mbele, unaoiwezesha kusogelea bila kifaa cha ziada. Wa dijitali, Fujifilm GFX 50R ni gramu 775 bila lenzi, na hapo mimi sina cha kubishana.

Kosa langu kubwa halikuwa kamera, lilikuwa lenzi. Safari za mwanzo nilibeba tatu: 65, 90 na 180. Ile 65 niliitumia mara moja, 180 haikutoka mfukoni kabisa, nikaishusha mlima kama nilivyoipandisha. Na kushuka ndiko kunakoumiza magoti, kila hatua unapokea mzigo wote.

Siku hizi ni 90 peke yake na filamu nne. Kila moja inatoa picha 10, basi arobaini zinanitosha siku nzima, na mara nyingi narudi na filamu moja haijafunguliwa.

Naondoka kesho kabla ya jua. Hii 180 nairudisha kabatini mbele yenu, muwe mashahidi. Haya... labda niipime tena kwanza.