Wayback Machine: imetufaa sana kusaka vitu vya shule yetu iliyofungwa

Shule ikifungwa, wakubwa huhesabu madawati na mabati. Ngao za riadha, picha za mahafali na ubao wa majina ya viranja wakuu havihesabiwi na mtu, kila kimoja hujiondokea na aliyekiona wa kwanza. Kwetu ilikuwa hivyo hivyo, na tovuti ya shule nayo ikazimika kwa kuwa hapakuwa na wa kulipia anwani yake. Wanafunzi wa zamani tumekuwa tukivisaka vitu hivyo, na hakuna chombo kilichotusaidia kama Wayback Machine, hifadhi ya mtandaoni ya nakala za zamani za tovuti.

Inaendeshwa na Internet Archive, taasisi ya San Francisco aliyoianzisha Brewster Kahle mwaka 1996. Umma ulifunguliwa mlango mwaka 2001. Ni bure, na kutazama tu hakuhitaji kujisajili. Unaingia web.archive.org, unaandika anwani ya zamani ya tovuti (yetu tuliikuta chini ya karatasi ya ripoti ya muhula), inakuletea kalenda. Tarehe yenye duara ni siku ambayo ukurasa ulinakiliwa. Anza na duara la buluu.

Wengi hufungua ukurasa wa mwanzo, wakatazama nembo, wakaguswa, wakaondoka. Msiondoke! Andikeni web.archive.org/web/*/ kisha anwani ya shule, mmalizie na /*. Inashuka orodha ya mafaili yaliyonaswa kutoka tovuti hiyo, na juu yake kuna kisanduku cha kuchuja. Andikeni pdf humo. Hapo ndipo tulipoyapata majarida ya shule, na katika jarida moja kulikuwa na picha ya kabati la vikombe iliyopigwa kwa karibu kiasi kwamba maandishi ya kwenye ngao yanasomeka. Toka hapo msako ukawa kitu kingine. Kabla ya hapo tulikuwa tunauliza watu kama wamewahi kuona ngao ya shule yetu, na ngao haikuwa na jina la shule! Tulipotangaza maneno yenyewe yaliyochongwa, mama mmoja aliyeinunua mnadani pamoja na kabati akatupigia simu. Alikuwa ameitunza vizuri sana, Mungu ambariki.

Kitu kingine ninachokipenda ni kitufe cha Changes, kinachoweka nakala za tarehe mbili, moja ubavuni mwa nyingine, na kupaka rangi palipobadilika. Tulilinganisha ukurasa wa wafanyakazi, tukajua ni nani aliyekuwa mtunza stoo wakati wa mwisho. Mzee huyo ndiye aliyetuambia kitabu cha wageni kilikwenda na wanafunzi waliohamishiwa shule jirani, na kweli tulikikuta huko.

Mipaka ipo. Inahifadhi kile ambacho roboti zake (programu zinazopita mtandaoni zikinakili kurasa) ziliweza kukifikia, kwa hiyo kurasa zilizofungwa kwa nywila usizitegemee, na mara nyingi maandishi hubaki pale ambapo picha haikunaswa. Hata hivyo soma jina la faili la picha iliyokosekana, kwa sababu mara nyingi limeandikwa tukio na mwaka. Pia haipekui maneno yaliyo ndani ya kurasa zote, kwa hiyo bila anwani ya zamani kazi inakuwa ngumu. Muulizeni yeyote mwenye barua au ripoti ya shule. Na mkikuta picha za watoto na majina yao, tafadhali msizisambaze ovyo.

Kwa anayeanza leo, ombi langu ni moja: mkiona kitu cha shule yenu kimetangazwa kuuzwa, bandikeni kiungo chake kwenye Save Page Now, sehemu ya Wayback Machine inayonakili ukurasa papo hapo, kabla hamjampigia muuzaji. Tangazo likishafutwa, nakala hiyo yenye tarehe ndiyo itakayowaonyesha kitu kilipita mikononi mwa nani.