Nyumba ya kupanga yenye samani karibu na Fort Sam Houston: tathmini ya mpangaji

Jeshi la Marekani halilipi gharama za kuhamisha familia iwapo mafunzo ya askari katika kituo kimoja hayafikii wiki 20, na mafunzo ya wahudumu wa tiba wa kivita, yale yanayojulikana kwa namba 68W, huchukua wiki 16 katika kambi ya Fort Sam Houston, mjini San Antonio. Kwa hiyo anayemfuata mume au mke wake huku anakuja kwa hiari yake na kwa fedha zake, na nyumba anayoihitaji si ile anayoihitaji mpangaji wa kawaida. Tathmini hii inahusu nyumba ya chumba kimoja cha kulala, yenye samani, karibu na barabara ya Harry Wurzbach, ambamo nimeishi tangu mke wangu alipomaliza mafunzo ya awali huko Fort Jackson hadi alipopata amri ya uhamisho wa kwenda kituo chake cha kwanza. Kampuni inayoipangisha sitaitaja, kwa kuwa kampuni za namna hii ni nyingi eneo hili na mikataba yao inafanana mno. Ninaipa nyota tatu kati ya tano, na karibu zote tatu zimetokana na mkataba na mahali ilipo, wala si nyumba yenyewe.

Nianze na mkataba. Kampuni ilinipa njia mbili: kulipa mwezi kwa mwezi kwa kodi ya juu, au kujifunga miezi sita kwa kodi nafuu. Tarehe za mafunzo haya haziaminiki. Askari anaweza kufika akasubiri darasa lake lianze, na anayeshindwa mtihani wa taifa wa huduma za dharura anaweza kurudishwa aanze upya na darasa linalofuata, hivyo kodi ya mwezi kwa mwezi ingeweza kutukamua kwa muda ambao hakuna aliyeujua. Nilichagua miezi sita kwa kutegemea sheria ya shirikisho inayolinda haki za kiraia za wanajeshi, ambayo humruhusu askari aliyepata amri ya uhamisho kuvunja mkataba wa nyumba bila adhabu, mradi atoe taarifa ya maandishi pamoja na nakala ya amri hiyo. Kwa kodi inayolipwa kila mwezi, mkataba hukoma siku 30 baada ya tarehe ya malipo inayofuata taarifa: taarifa ikitolewa Juni 10 na kodi hulipwa tarehe mosi, mkataba unakoma Julai 31.

Ulinzi huo, hata hivyo, ni wa askari, na humfikia mwenza kupitia jina la askari. Meneja alitaka nitie sahihi peke yangu, akidai kwamba mtu anayelala kambini si mkazi wa nyumba. Nilimwonyesha hati ya uwakili, yaani inayoniruhusu kutia sahihi kwa niaba yake, ambayo mke wangu aliitia sahihi kabla hajaondoka kwenda mafunzoni, nikamwomba aandike majina yote mawili. Aliisoma hati hiyo ukurasa kwa ukurasa, akawapigia simu wakubwa wake, na kesho yake akaniletea mkataba uliorekebishwa, bila kinyongo. Amri ya uhamisho ilipotoka, taarifa yetu ilipokelewa bila ubishi wowote. Hapo kampuni inastahili sifa kamili.

Kuhusu mahali, sina la kulalamikia. Nyumba za bei nafuu zipo upande wa miji jirani ya Schertz na Converse, lakini kutoka huko utakumbana na foleni za barabara kuu, ilhali kutoka hapa hadi lango la kambi ni mwendo wa dakika chache tu kwa gari. Dakika hizo ndizo unazozilipia. Katika hatua za mwanzo askari mwanafunzi hatoki nje ya kambi kabisa, na mwenza ndiye anayeingia kwa kitambulisho chake cha familia (fomu ya kukiomba, DD 1172-2, inahitaji sahihi ya askari au hati ya uwakili, kwa hiyo ishughulikieni mapema). Wikendi zetu nyingi za mwanzo tulizimalizia kwenye uwanja wa Quadrangle, jengo la mawe la miaka ya 1870 ambalo ndani yake tausi na kulungu hutembea huru kati ya wageni. Baadaye ruhusa za kutoka zilipoanza, zilikuwa za saa chache. Mke wangu alikuwa anaingia, anavua buti mlangoni, anaoga, anakula ugali, kisha analala kwenye kochi hadi nimwamshe arudi kuhesabiwa. Ukiyatoa masaa ya barabarani katika ruhusa ya namna hiyo, usingizi huo ndio unaokatwa.

Nyumba yenyewe ni ya wastani. Godoro ni zuri, na mashine ya kufulia iko humohumo ndani, jambo ambalo kila mwenye kufua sare atalithamini. Jikoni ni taabu: sufuria walizoweka ni nyembamba kiasi kwamba ugali unashika chini kabla haujaiva, nami nililazimika kununua yangu, na kengele ya moshi hulia chapati ya kwanza inapogusa kikaango. Kubwa zaidi ni umeme. Mkataba unasema umeme umo ndani ya kodi, lakini kwa kiwango fulani tu, na kinachozidi hulipwa na mpangaji. Joto la Julai hapa hupita nyuzi 38, kiyoyozi ni cha zamani, na kila bili ya kiangazi ilizidi kiwango hicho. Fundi aliitwa akasafisha chujio akaondoka.

Wanaolinganisha na hoteli za kukaa muda mrefu wajue kwamba Texas humsamehe ushuru wa hoteli mgeni anayekaa siku 30 mfululizo au zaidi, hivyo kwa anayekuja mwezi mmoja tu hoteli inaweza kuwa nafuu. Posho ya makazi anayolipwa askari nayo isihesabiwe kana kwamba itapanda kwa sababu mmehama kwa hiari. Iulizeni ofisi ya fedha ya kikosi kabla ya kutia sahihi.

Amana tumerudishiwa ndani ya siku 30 ambazo sheria ya Texas inampa mwenye nyumba, ikiwa imekatwa ada ya usafi ambayo haikuelezwa ni ya nini. Nimewaandikia nikiomba mchanganuo wake, na ukinifika nitauongeza hapa.