Kumwaga moyo kwa mtu au kuandika kwenye daftari?

Ukiudhiwa, umtafute mtu umwambie au ushike kalamu? Hapa Moshi wengi tunasema. Dada wa meza ya jirani pale soko la Mbuyuni yupo, gharama ni chai na chapati, na anakupa pole ambayo karatasi haina. Tatizo ni siri: ukisema asubuhi sokoni, jioni Majengo wanajua. Tena kosa lile lile likisimuliwa kila siku, hasira huchemka upya.

Daftari halina mdomo. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1986, huko Marekani, watafiti wa saikolojia Pennebaker na Beall waliwapa wanafunzi wa chuo dakika 15 kwa siku nne mfululizo waandike yaliyowaumiza. Walipomaliza tu walijisikia vibaya zaidi, ila miezi iliyofuata walioandika tukio pamoja na hisia zake walikwenda kutibiwa mara chache zaidi. Kwa hiyo nafuu ya usiku huo huo usiitegemee. Na kama mnaishi chumba kimoja, sijui utalificha wapi.

Msiba? Tafuta watu, bila mjadala. Ugomvi wa kihamba, yaani shamba la ukoo la Wachagga, na ndugu mnaokutana kila Krismasi, mimi ningeandika kwanza, niseme baadaye.